Mifuko 13, hisa zilezile: kisa cha mkoba uliopunguzwa gharama

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina, kazi, nchi, kampuni za mifuko na chochote kingine kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa. Jumla ya mkoba wake, yaani akiba yote aliyoiweka kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, nimeigeuza kuwa 100,000, na viasi vingine vyote vimefuata uwiano huohuo, kwa hiyo asilimia ni zake halisi hata kama fedha si zake. Nitamwita Bi. Z.

Usuli

Bi. Z. ana miaka 52 na anakusudia kustaafu akifika 60. Amekuwa akiweka akiba kila mwezi kwa muda mrefu, na akiba hiyo imekaa sehemu mbili. Ya kwanza ni akaunti ya pensheni yenye 45,000. Humo anaweza kuhama mfuko mmoja hadi mwingine bila kodi wala ada, ila lazima achague kutoka kwenye orodha ya mpango wenyewe. Ya pili ni akaunti ya kawaida kwenye jukwaa la uwekezaji, yenye 55,000. Huku akiuza vipande (sehemu anazomiliki katika mfuko) kwa faida anadaiwa kodi ya asilimia 15 ya faida hiyo, na akiuza kwa hasara anaruhusiwa kuikata hasara kwenye faida za mwaka uleule wa kodi. Hizo ni kanuni zinazomhusu yeye. Anayetaka kumwiga aangalie kwanza kanuni za kwao.

Hakuna siku aliyokaa akaamua anataka mifuko 13. Ilikuja mmojammoja. Mshauri wake ni mtoto wa mdogo wake, kijana anayeuza mifuko na kulipwa kamisheni inayotoka ndani ya ada ya kila mwaka ya mifuko hiyo. Kila mwaka palikuwa na mfuko uliofanya vizuri mwaka uliopita, na kila mwaka sehemu ya akiba mpya ilikwenda huko. Hakuna aliyewahi kusema "tutoe huu tuweke ule". Ilikuwa kuongeza tu. Nisingependa msomaji aone udanganyifu hapa. Kijana alifanya kazi kama alivyofundishwa, na mteja aliridhika kwa sababu taarifa yake ya akaunti ilikuwa ndefu na ilionekana ya mtu makini.

Mfuko mmoja tu Bi. Z. aliuchagua mwenyewe, "kwa kujaribu", miaka sita iliyopita: mfuko unaofuata fahirisi ya hisa za dunia, yaani unaonunua hisa za orodha inayopima soko bila meneja kuchagua, wenye ada ya asilimia 0.25. Siku moja akipanga karatasi za kodi alilinganisha mapato ya miaka mitano ya kila mfuko alionao. Ule wa kujaribu ulikuwa umeipita mifuko yote ya hisa isipokuwa mmoja. Ndipo akatafuta mshauri wa kujitegemea, anayelipwa ada ya mara moja bila kamisheni ya mtu, amsaidie kuelewa alichonacho.

Mkoba ulivyokuwa

Jambo la kwanza lililofanyika lilikuwa kuandika kila mfuko, kiasi chake na ada yake ya mwaka kwenye lahajedwali moja. Inaonekana kazi ndogo, lakini ilichukua muda kuliko hatua nyingine yoyote, kwa sababu ada ya mfuko haionekani kwenye taarifa ya akaunti. Hukatwa kidogokidogo kila siku ndani ya mfuko kabla thamani ya kipande haijatangazwa. Anayeitafuta lazima afungue waraka wa kila mfuko.

Akaunti ya pensheni:

- A, kampuni kubwa za dunia, meneja anachagua hisa: 18,000, ada asilimia 1.90
- C, kampuni "zinazokua haraka": 9,000, ada 2.10
- H, mfuko mseto wa hisa na hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba): 12,000, ada 1.60
- J, hatifungani za muda mrefu: 6,000, ada 1.00

Akaunti ya kawaida:

- B, kampuni kubwa za dunia, meneja mwingine: 14,000, ada 1.75
- D, hisa zenye gawio kubwa: 8,000, ada 1.80
- E, fahirisi ya hisa za dunia: 6,000, ada 0.25
- F, hisa za teknolojia: 5,000, ada 2.20
- G, kampuni ndogo: 4,000, ada 2.00
- I, mfuko unaonunua mifuko mingine: 7,000, ada 2.10
- K, hatifungani za muda mfupi: 4,000, ada 0.90
- L, mfuko wa ukwasi (fedha zinazoweza kutolewa haraka): 5,000, ada 0.60
- M, dhahabu: 2,000, ada 0.75

Bi. Z. alikuwa ameshapiga hesabu yake: alijumlisha asilimia zote akagawanya kwa 13, akapata takriban 1.46. Mshauri alizidisha kila ada kwa kiasi kilichomo kwenye mfuko husika, na jumla ikatoka 1,605 kwa mwaka, yaani asilimia 1.6 ya mkoba wote. Tofauti ya hesabu hizo mbili inaeleza mengi: mifuko ghali ndiyo iliyobeba fedha nyingi, na ule wa bei nafuu ulikuwa na 6,000 tu.

Mfuko I unahitaji maelezo kidogo. Ada iliyoandikwa kwenye ukurasa wake wa mbele ilikuwa asilimia 1.00, na ndiyo Bi. Z. aliyokuwa akiijua kabla ya lahajedwali. Lakini mfuko huo haununui hisa. Unanunua vipande vya mifuko mingine, nayo ina ada zake, kwa wastani asilimia 1.10. Anayeushika analipa tabaka mbili. Ni mfumo huohuo ulioonekana hadharani katika dau la Warren Buffett, mwekezaji mashuhuri wa Marekani, dhidi ya kampuni ya Protégé Partners, kuanzia 2008 hadi 2017: mifuko mitano ya namna hiyo, yenye tabaka za ada juu ya tabaka, dhidi ya mfuko mmoja wa fahirisi ya S&P 500, ya kampuni kubwa za Marekani. Katika miaka hiyo kumi mfuko wa fahirisi ulipanda asilimia 125.8. Uliofanya vizuri kuliko wote kati ya ile mitano ulipanda asilimia 87.7.

Jambo la pili lilikuwa kuangalia ndani ya mifuko kuna nini. Waliweka hisa kumi kubwa za A kando ya zile za E: nane zilikuwa zilezile. A na B zilishirikiana saba. C na F nazo zilirudia kampuni za teknolojia zilizokuwa tayari juu kabisa kwenye A, B na E. Watu husema usiweke mayai yote kwenye kapu moja, Bi. Z. alikuwa na makapu matano na mayai yaleyale ndani.

A ndio ulioudhi zaidi. Meneja analipwa asilimia 1.90 ili achague hisa, lakini chati ya mapato yake ilikwenda bega kwa bega na fahirisi, kasoro ada. Mifuko ya namna hii, inayofuata fahirisi kimyakimya huku ikitoza bei ya uteuzi, imeshafikishwa mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Norwe iliamua kwamba wawekezaji takriban 180,000 wa mfuko mmoja wa benki walipwe fidia kwa sababu hiyohiyo.

Jambo la tatu halikuhusu gharama kabisa, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Bi. Z. aliamini hisa ni kama asilimia 60 ya mkoba. H na I zilipochambuliwa na hisa zilizomo kuhesabiwa (asilimia 60 ya H na 70 ya I), jumla ya hisa ilitoka asilimia 76.1. Hatifungani zilikuwa 16.9, ukwasi 5 na dhahabu 2. Mtu aliyebakiza miaka minane kustaafu alikuwa amebeba hatari ya mtu mwenye miaka 30, bila kujua, kwa sababu mifuko yake miwili ilikuwa na maneno ya utulivu kwenye majina yake.

Lengo

Walikubaliana kuhusu lengo kwa haraka: hisa asilimia 60, hatifungani 30, ukwasi 10, kwa kutumia mifuko michache ya fahirisi. Hoja haikuwa kwamba mameneja wote ni wabovu. Ni hesabu aliyoieleza William Sharpe mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya kupata tuzo ya Nobel ya uchumi: wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, kwa hiyo wanaochagua hisa, wakijumlishwa, hupata mapato ya soko kabla ya gharama na chini yake baada ya gharama. Wapo watakaolishinda soko. Bi. Z. hakuwa na njia ya kuwajua mapema, na rekodi ya ununuzi wake ilionyesha hivyo.

Ugumu ulikuwa njia ya kufika huko.

Hatua ya kwanza: pensheni, siku moja

Mshauri alishauri waanze pale ambapo kuhama hakugharimu kitu. Orodha ya mpango wa pensheni ilikuwa na mfuko wa fahirisi ya hisa wenye ada ya asilimia 0.35 na mfuko wa fahirisi ya hatifungani wa 0.30. Ilikuwa humo miaka yote. Hakuna aliyewahi kuitaja. Kabla ya kuikubali, waliangalia pia kama mapato yake yanakaribia ya fahirisi yenyewe, maana ada ndogo haisaidii kama mfuko unaachwa nyuma kwa sababu nyingine. Yalikuwa yanakaribia.

A, C, H na J zote ziliondolewa kwa fomu moja. Mahali pake zikaingia 26,000 za hatifungani na 19,000 za hisa. Ada ya akaunti hiyo ilishuka kutoka 783 hadi 144.5 kwa mwaka, bila kodi.

Uamuzi wa kuweka karibu hatifungani zote upande wa pensheni ulikuwa wa makusudi. Kupunguza hisa katika akaunti ya kawaida kungeleta kodi. Ndani ya pensheni hakukuleta. Mtu akitazama akaunti ya pensheni peke yake ataona ina tahadhari mno, na akitazama ya kawaida ataona ina ujasiri mno. Zikitazamwa pamoja, hisa zilikuwa zimeshuka siku hiyohiyo kutoka asilimia 76.1 hadi 60.9. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hurekebisha uwiano akaunti kwa akaunti na kulipa kodi isiyo ya lazima.

Hatua ya pili: mfuko wenye ada ya kutoka

I ulikuwa na ada ya kutoka: asilimia 4 ukitoka mwaka huu, 3 mwaka ujao, kisha 2, kisha 1, kisha hakuna. Msimamo wa kwanza wa Bi. Z. ulikuwa wa kawaida kabisa: asubiri ada iishe. Kulipa 280 ili utoke kwenye mfuko wako mwenyewe kunauma.

Hesabu ilisema vingine. Kubaki mwaka mmoja zaidi kulipunguza ada ya kutoka kwa pointi moja, yaani 70. Lakini kubaki kulimaanisha kulipa asilimia 2.10 badala ya 0.25, tofauti ya 1.85, ambayo kwa 7,000 ni 129.5 kwa mwaka. Kila mwaka wa kusubiri ungemgharimu karibu 60 zaidi ya alichookoa. Mpangilio wa ada hiyo umewekwa kwa namna inayomfanya mtu ahisi subira inamlipa, kumbe kampuni inarudisha fedha zake polepole kupitia ada ya mwaka. Pale ambapo ada ya kutoka inashuka kwa kasi ndogo kuliko tofauti ya ada za mwaka, kutoka leo ndiko nafuu. Ingekuwa inashuka pointi mbili kwa mwaka, jibu lingekuwa kusubiri.

Alitoka na 6,720. Kwa kuwa alinunua kwa 7,400, alikuwa na hasara ya 680 ambayo ingetumika baadaye.

Hatua ya tatu: mifuko yenye faida

B ulinunuliwa kwa 8,000 na sasa una 14,000. Kuuza wote kungeleta kodi ya 900. Bi. Z. aligawa 900 kwa akiba ya ada ya 210 kwa mwaka, akaona itachukua zaidi ya miaka minne kurudisha, akasita.

Hesabu hiyo ndiyo watu wengi huifanya, na ina kasoro. Kodi ya B haiepukiki kwa kutouza. Inaahirishwa tu, maana siku atakapouza akiwa mstaafu itamngoja palepale. Kwa hiyo gharama halisi ya kuuza sasa ni ukuaji ambao zile 900 zingeleta kama zingebaki ndani. Zikikua asilimia 5 kwa mwaka, hiyo ni 45 mwaka wa kwanza. Upande wa pili kuna akiba ya ada ya karibu 197 kwa kiasi kinachobaki baada ya kodi. Uzito uko upande wa kuuza. Hoja ingebadilika kama kiwango chake cha kodi kingeshuka sana baada ya kustaafu, au kama fedha hizo angekusudia kuziacha kwa warithi mahali ambapo sheria inafuta kodi ya faida ya marehemu. Kwake, vyote viwili havikuwapo.

Waliuza B kwa nusu mbili, katika miaka miwili ya kodi, ili deni la kodi lisije lote kwa mpigo. Mwaka wa kwanza waliuza nusu ya B (faida 3,000), D yote (faida 400), I (hasara 680) na G yote, iliyonunuliwa kwa 4,900 na kuuzwa 4,000 (hasara 900). Faida iliyobaki baada ya kukata hasara ilikuwa 1,820, na kodi 273. Mwaka wa pili, nusu ya B iliyobaki ilileta kodi ya 450. Jumla 723, bila zile hasara ingekuwa 960. G, mfuko aliokuwa akiuonea aibu, ndio uliomlipia sehemu ya njia.

K haukuwa na faida, ulihamishiwa L. M uliachwa. Kuuhama kungeokoa 10 kwa mwaka, wakati ada ya chini kabisa ya muamala ilikuwa 35.

F, na mazungumzo ya nyumbani

Habari zilimfikia kijana kabla Bi. Z. hajamwambia, kwa sababu mifuko iliyouzwa ilitoka kwenye orodha ya wateja wake. Alikuja. Kwa maelezo ya Bi. Z., hakubishia A wala I. Alisema jambo moja: "Mama mkubwa, sawa, hayo mengine. Lakini F ndio mfuko pekee uliokupa faida ya kweli. Huo nao unautupa?"

"Siutupi, mwanangu. Bado nafikiri."

F ulinunuliwa kwa 2,000 na ulikuwa na 5,000. Ndio ule mmoja ulioipita fahirisi katika miaka mitano. Mshauri alitoa hoja zake: ada ya 2.20 ni ya hakika kila mwaka, faida iliyopita haina hakika ya kurudi, na E tayari umebeba hisa nyingi za teknolojia. Bi. Z. alisikiliza, akakubali hoja zote, akakataa kuuza. Mshauri hakuendelea kumsukuma. Nakubaliana naye. F ulikuwa asilimia 5 ya mkoba, na mtu aliyekwisha kuuza mifuko minane katika mwaka mmoja anahitaji kubaki na uamuzi mmoja ulio wake. Walichokubaliana ni kutouongezea fedha mpya.

Matokeo

Baada ya nusu ya pili ya B kuuzwa, na bei zikichukuliwa kuwa hazijabadilika ili hesabu isomeke, mkoba ulikuwa na mifuko sita: miwili ya pensheni, E wenye karibu 38,000, L wenye 9,000, F na M. Ada za mifuko zilishuka kutoka 1,605 hadi takriban 419 kwa mwaka, yaani kutoka asilimia 1.6 hadi 0.42.

Gharama za mara moja zilikuwa kodi 723, ada ya kutoka 280, na 400 alizomlipa mshauri kutoka mfukoni: jumla 1,403. Akiba ya 1,186 kwa mwaka inazirudisha kwa takriban miezi 14.

Kwa mbali zaidi, chukulia mkoba unakua asilimia 6 kwa mwaka kabla ya ada, bila kuongeza wala kutoa. Baada ya miaka 20, 100,000 kwa ada za zamani zingekuwa kama 236,000. Mkoba mpya, ukianza na 98,997 zilizobaki baada ya kodi na ada ya kutoka, ungekuwa kama 293,000. Asilimia 6 ni ya mfano tu. Soko halimwahidi mtu. Pengo la ada halitegemei soko.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa hatua. Zaidi ya nusu ya akiba yote, 638.5, ilipatikana siku ya kwanza bila kulipa chochote. Ingeanzwa na B, wenye kodi kubwa na mabishano, nina shaka kama Bi. Z. angefika mbali. Kuanza na kilicho bure kulimpa muda wa kuzoea, na pia kuliondoa hatari kubwa, ile ya hisa asilimia 76, kabla soko halijapata nafasi ya kumfundisha kwa maumivu.

Kazi ya lahajedwali nayo ililipa. Kabla yake, mazungumzo yalikuwa juu ya mfuko upi "mzuri". Baada yake yalikuwa juu ya kiasi, na kiasi hakina ubishi mwingi.

Kilichokwenda kombo kilikuwa vitu vidogo vya utekelezaji, na ndivyo visivyosemwa sana. Fomu ya pensheni ilihamisha fedha zilizokuwapo, lakini maelekezo ya makato ya kila mwezi yalikuwa fomu nyingine. Kwa miezi mitano michango mipya iliendelea kuingia A na C, mifuko ambayo kila mtu alidhani imefungwa. Iligundulika taarifa ya nusu mwaka ilipofika ikiwa na mistari minne badala ya miwili. Anayepanga kuhama aulize swali hili waziwazi: fedha ya mwezi ujao inakwenda wapi?

Jingine lilikuwa D. Kwenye lahajedwali ulikuwa mfuko ghali wa hisa na basi. Katika maisha ya Bi. Z., gawio lake ndilo lililokuwa likimtunza mama yake kila robo mwaka. Ulipouzwa, mapato kutoka kwenye hisa hayakupotea, lakini E hautoi gawio. Huyaingiza humohumo ndani. Robo ya kwanza ilipofika akajikuta anatakiwa kuuza vipande kwa mkono wake, na hilo lilimtia hofu kama mtu anayekula mtaji. Suluhisho lilikuwa rahisi: agizo la kudumu la kutoa kiasi kilekile kutoka L kila robo, na L kujazwa mara moja kwa mwaka. Lakini swali la "fedha hii inafanya kazi gani sasa hivi?" halikuwa na safu kwenye lahajedwali, na lilistahili kuwa nayo tangu mwanzo, kando ya ada na faida.

Palikuwa pia na wiki tatu ambapo fedha za D na G zilikaa bila kuwekezwa kwa sababu fomu ya kununua ilirudishwa, saini haikufanana na ya zamani. Soko lilipanda kidogo wakati huo. Lingeweza kushuka. Silihesabu kama kosa la uamuzi, ila kwa kiasi kikubwa zaidi ni vyema kuthibitisha saini na nyaraka kabla ya kuuza, wakati fedha bado ziko kazini.

Kuhusu kijana: kamisheni yake kutoka mkoba huu imebaki ile ya F tu. Bi. Z. alimwambia mwenyewe, ana kwa ana, na akampa waraka wa lengo jipya wa ukurasa mmoja asome. Wanaendelea kuzungumza. Ni gharama ambayo haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, na kwa watu wengi ndiyo inayowafanya wabaki na mifuko ghali miaka kumi zaidi.

Yaliyobaki

F sasa ni asilimia 5 ya mkoba na zaidi ya robo ya ada zote za mifuko, 110 kati ya 419. Takwimu hiyo haikuwapo wakati wa uamuzi. Imejitokeza kwa sababu vingine vyote vimeshuka. Bi. Z. ameiona na amesema ataangalia tena mwaka wa kodi ujao, pengine auze nusu.

Na kuna ada ambayo hadi hapa sikuigusa: jukwaa lenye akaunti yake ya kawaida linatoza asilimia 0.30 ya kilichomo. Zamani ilipotea katikati ya ada za mifuko. Leo ni 162 kwa mwaka, kubwa kuliko ada ya E, ambayo ni 95, na kuliko ya F pia. Amewaandikia kuuliza kama anaweza kuhamishia vipande vyake jukwaa jingine vikiwa vivyo hivyo, bila kuviuza, kwa sababu akilazimika kuviuza hesabu ya kodi inaanza upya. Hadi naandika hawajamjibu.